Kiswahili na Suala la Jinsi katika Riadha ya Wanawake: Tatizo la Istilahi

1. Utangulizi

Mjadala juu ya nani astahiliye kushindana katika riadha ya wanawake umeendeshwa kwa miaka mingi katika lugha za Ulaya, hususan Kiingereza. Katika lugha hiyo sehemu kubwa ya ugomvi hukaa katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja: atamkaye "he" au "she" huwa amekwisha kutoa hukumu kabla hajatoa hoja. Mjadala huo huo ukizungumzwa kwa Kiswahili katika mji kama Voi, ambako lugha hiyo hukutana na Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, ugomvi wa viwakilishi hutoweka. Lugha zote nne ni za Kibantu, na hakuna hata moja ambayo kiambishi chake cha nafsi ya tatu hutenga mwanamke na mwanamume.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kutoweka kwa ugomvi huo katika viwakilishi hakuna maana kwamba Kiswahili hakihukumu. Hukumu huhamia mahali pengine, yaani katika msamiati na katika uchaguzi wa ngeli. Itaelezwa pia kwamba Kiswahili cha sasa aghalabu huchanganya mambo mawili yasiyofanana: maumbile ambayo mtu amezaliwa nayo, na kuvuka kwa mtu kutoka nafasi ya kijamii aliyopewa alipozaliwa hadi nyingine. Wanariadha wa Afrika Mashariki waliotajwa katika mjadala huu wanahusika na jambo la kwanza, lakini mara nyingi huzungumzwa kwa maneno ya jambo la pili. Si kusudio la makala haya kuamua kanuni ipi ya michezo ni ya haki. Kusudio ni kutafuta maneno ambayo kwayo uamuzi huo unaweza kujadiliwa bila kumdhulumu mtu.

2. Kanuni za riadha na wanariadha wa Afrika Mashariki

Tarehe 20 Agosti 2016, katika fainali ya mita 800 ya wanawake kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda kwa muda wa dakika 1:55.28. Francine Niyonsaba wa Burundi alikuwa wa pili, na Margaret Nyairera Wambui wa Kenya, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio hizo mwaka 2014, alikuwa wa tatu. Baadaye wote watatu waliguswa na kanuni moja. Mwezi Aprili 2018 shirikisho la kimataifa la riadha lilitangaza kwamba mwanariadha mwenye tofauti za ukuaji wa kijinsi, ambaye mwili wake hutoa na kutumia testosteroni nyingi, sharti aipunguze hadi chini ya nanomoli 5 kwa lita moja ya damu iwapo ataka kushindana na wanawake kimataifa katika mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja.

Semenya alipinga kanuni hiyo mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Tarehe 1 Mei 2019 wasuluhishi wawili dhidi ya mmoja walikataa dai lake. Walikiri kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi, lakini wakaona kwamba ubaguzi huo ni wa lazima ili kulinda kitengo cha wanawake. Niyonsaba alihamia mbio ndefu ambazo kanuni haikuzigusa, na mwezi Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya mita 2000 kwa muda wa dakika 5:21.56. Wambui alieleza hadharani mwaka 2021 kwamba angependa kianzishwe kitengo cha tatu, ili watu wa hali hiyo wapate mahali pa kushindania bila kulazimishwa kutumia dawa.

Mwezi Machi 2023 kanuni ziligeuzwa tena. Kikomo kilishushwa hadi nanomoli 2.5 na kuenezwa kwa mashindano yote, hata njia aliyoitumia Niyonsaba ikazibwa. Katika tangazo hilo hilo, wanawake waliovuka jinsia baada ya kupitia balehe ya kiume walizuiwa kabisa kushiriki katika kitengo cha wanawake. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 kila mwanariadha atakaye kushiriki katika kitengo hicho katika mashindano ya dunia hupimwa mara moja maishani jeni iitwayo SRY. Kwa upande mwingine, tarehe 10 Julai 2025 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya liliamua kwamba Semenya hakusikilizwa kwa haki na mahakama ya Uswisi aliyoikatia rufaa, bila ya kuamua kama kanuni zenyewe ni halali.

Hoja za pande zote mbili zina uzito. Watetezi wa kanuni hukumbusha kwamba kitengo cha wanawake kipo kwa sababu balehe ya kiume huleta tofauti kubwa ya nguvu na kasi. Rekodi ya dunia ya mita 800 ya wanaume, iliyowekwa na Mkenya David Rudisha mwaka 2012, ni 1:40.91; ya wanawake, iliyowekwa na Jarmila Kratochvílová mwaka 1983, ni 1:53.28. Tofauti hiyo ni ya zaidi ya asilimia 12, na pasipo kitengo cha pekee wanawake wachache mno wangefika fainali. Wapinzani nao hujibu kwamba Semenya na wenzake walizaliwa wakaandikwa wasichana na wakalelewa wasichana. Kwamba muda wa Semenya wa mwaka 2016 uko karibu na rekodi ya wanawake, na mbali sana na ya wanaume. Na kwamba si haki kumtaka mtu mwenye afya atumie dawa ili aruhusiwe kukimbia.

Yafaa izingatiwe kwamba kanuni za mwaka 2023 zilitenga makundi mawili na kuyawekea masharti mbalimbali. Kundi la kwanza ni la watu waliozaliwa na maumbile yasiyolingana na mgawanyo wa kawaida. Kundi la pili ni la watu waliovuka jinsia. Wanariadha wa Kiafrika waliotajwa hapa ni wa mjadala wa kundi la kwanza. Mzungumzaji asemaye kwa Kiswahili kwamba Semenya au Niyonsaba "alibadili jinsia" amesema jambo lisilo kweli, na kosa lake ni la istilahi kabla ya kuwa la maadili.

3. Ngeli ya A-WA na mipaka ya upole wake

Chukuliwe mfano wa mtangazaji katika mashindano ya riadha ya shule mjini Voi. Anaweza kusema: "Amemaliza wa kwanza, mwalimu wake anamkimbilia, anampa maji." Katika sentensi hizo viambishi a-, -m- na kimilikishi -ake vimetumika bila ya msikilizaji kujua kama mkimbiaji ni msichana au mvulana. Nomino "mwanariadha", "mkimbiaji", "mshindi" na "bingwa" nazo hazifichui kitu. Jinsi hujitokeza pale tu mtangazaji anapochagua nomino kama vile "msichana", "mvulana", "dada" au "kaka". Katika Kiingereza mzungumzaji hulazimishwa na sarufi kutaja jinsi. Katika Kiswahili huitaja kwa hiari. Kwa sababu hiyo, anayeitaja hawezi kusingizia sarufi.

Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba lugha isiyotenga jinsi katika viwakilishi ni lugha isiyoweza kudharau. Dhana hiyo haiwezi kukubaliwa. Sarufi ya Kiswahili ina njia yake ya kumwondolea mtu hadhi, nayo ni kumtoa katika ngeli ya A-WA. Neno "mtu" likigeuzwa kuwa "jitu", msemaji anaweza kusema "jitu huyu amekuja", na hapo upatanisho wa A-WA bado unamhifadhi mtu katika utu wake. Anaweza pia kusema "jitu hili limekuja", na hapo upatanisho umemhamishia katika ngeli ya vitu. Kadhalika kwa "kipofu amekuja" na "kipofu kimekuja". Mwanariadha ambaye mwili wake unajadiliwa hadharani huweza kupatwa na jambo hilo hilo: "limekimbia kama dume". Matusi ya Kiingereza humnyima mtu jinsi yake. Matusi ya Kiswahili ya namna hii humnyima ubinadamu.

Jambo hili lina umuhimu kwa suala la uhuru wa kusema. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, na papo hapo inauwekea mipaka ya uchochezi na kauli za chuki, na kumtaka kila mtu aheshimu haki na sifa njema za wengine. Mtu ana uhuru wa kusema kwa Kiswahili kwamba kanuni za mwaka 2018 zilikuwa za haki, au kwamba zilikuwa dhuluma. Hiyo ni hoja. Lakini asemaye "limekimbia" hajaleta hoja yoyote. Tofauti baina ya kauli hizo mbili hukaa katika mofimu moja, nayo hupotea tafsiri ya Kiingereza inapotumiwa peke yake kupima uzito wa maneno. Wachunguzi wa lugha ndio wanaoweza kuieleza.

4. Msamiati uliopo

Mashina -ke na -ume ndiyo msingi wa msamiati wa jinsi katika Kiswahili. Yakitanguliwa na ki- ya namna huzaa "kike" na "kiume", maneno yaelezayo mtindo au hali kuliko mwili wenyewe. Ndiyo sababu mwanamke jasiri huweza kusifiwa kuwa amefanya jambo "kiume". Neno "jikedume" nalo hubeba sifa na kejeli kwa pamoja, kwa kadiri ya sauti na mahali. Matatizo huanza ki- hii inapoingizwa katika sayansi. Usemi "homoni za kiume" umeenea mno katika habari za michezo. Lakini testosteroni hupatikana katika miili ya wanawake wote pia, kwa kiasi kidogo zaidi. Asemaye kwamba mwanariadha fulani "ana homoni za kiume" humfanya msikilizaji aamini kwamba kitu kigeni kimeingia mwilini mwa mwanamke, pengine kwa hila. Kwa hiyo huchanganywa na mtu aliyetumia dawa zilizokatazwa, ilhali yeye hakutumia kitu.

Neno "jinsia" lina utata wa namna nyingine. Katika matumizi ya kawaida hutaja maumbile ya mwili na pia nafasi ya mtu katika jamii. Waandishi wa masuala ya maendeleo nchini Tanzania wamejaribu kuyatenga mambo hayo kwa kutumia "jinsi" kwa maumbile na "jinsia" kwa nafasi ya kijamii. Utengano huo una manufaa, ijapokuwa neno "jinsi" lina kazi nyingine ya kueleza namna ya kutenda, na masikio ya wengi huanza na maana hiyo.

Kwa mtu ambaye maumbile yake hayalingani na mgawanyo wa kawaida, Kiswahili cha pwani kina neno "huntha", lililotokana na Kiarabu. Neno hilo lina historia ya heshima. Katika elimu ya fikihi, huntha alijadiliwa kwa utulivu kama suala la sheria: sehemu yake ya mirathi, na mahali pake katika safu za swala. Wanazuoni hawakumwona kuwa mdanganyifu. Walimwona kuwa mja ambaye hukumu yake yahitaji uangalifu. Tatizo ni kwamba mzizi uo huo wa Kiarabu umeleta katika Kiswahili neno "hanithi", ambalo ni tusi, na maneno hayo mawili yanasikika karibu karibu. Zaidi ya hayo, mbali na miji ya Waislamu wa pwani, neno "huntha" halijulikani sana. Katika vyombo vya habari vya Kenya nafasi yake imechukuliwa na "mtu mwenye jinsia mbili". Usemi huu unaeleweka upesi, lakini si sahihi. Haielekei kwamba mtu wa aina hii ana jinsi mbili zilizokamilika. Aghalabu ana tofauti fulani ya kromosomu, ya homoni au ya viungo, na wengi wao hujijua kuwa wanawake au wanaume.

5. Neno linapokuwa hesabu na hati

Mahakama na serikali ya Kenya zimelazimika kulikabili tatizo hili. Mwezi Desemba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya mtoto ambaye katika karatasi zake za hospitali, mahali pa kuandika jinsi, iliwekwa alama ya kuuliza. Jaji aliitaka serikali ishughulikie sheria na utaratibu wa kuwatambua watoto wa namna hiyo. Alama hiyo ya kuuliza ni ushahidi wa kiisimu: mwandishi alikuwa na kitu mbele yake na hakuwa na neno. Mwezi Oktoba mwaka huo huo mahakama iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyevuka jinsia, cheti chenye jina lake jipya na kisichotaja jinsi. Kesi hizo mbili zilihusu mambo mawili tofauti, na mahakama iliyaamua kwa njia tofauti. Habari za Kiswahili hazikosi kuyaweka yote chini ya neno moja, "jinsia".

Sensa ya mwezi Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu watu wa kundi la tatu kwa upande wa maumbile. Matokeo yalionyesha wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716, na watu 1,524 wa kundi hilo. Katika Kaunti ya Taita Taveta walihesabiwa wanaume 173,337, wanawake 167,327, na watu 7. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilifuata kwa kumtaja na kumtambua mtoto wa aina hiyo.

Idadi ya watu 7 katika kaunti yenye watu 340,671 ni ndogo, lakini inafaa kutafakariwa na wanaisimu. Hesabu ya namna hii hutegemea swali, na swali hutegemea neno. Mzazi akiulizwa mlangoni huko Sagalla au Taveta kwa neno linalosikika kama tusi, hatajibu. Akiulizwa kwa neno asilolijua, atajibu lile alilolizoea. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu wa michezo atakayemwandikisha msichana mwenye kasi, na kwa daktari atakayemweleza majibu ya kipimo.

Hatari yenyewe imekwisha kuonekana nchini Uganda. Annet Negesa, mkimbiaji wa mita 800, alizuiwa kabla ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 na akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba hakuelezwa ipasavyo upasuaji huo ungekuwa na matokeo gani. Shirikisho lilikana kuhusika katika uamuzi wa tiba hiyo. Vyovyote iwavyo, kisa hicho chaonyesha kwamba ridhaa ya mgonjwa huombwa kwa maneno. Lugha isiyo na maneno ya kumweleza mtu habari za mwili wake haiwezi kupokea ridhaa yake iliyo kamili.

6. Mapendekezo

Kiswahili kimewahi kusahihisha msamiati wake katika jambo la aina hii. Neno "zeruzeru" lilitumika kwa muda mrefu, lakini madhara waliyoyapata watu walioitwa hivyo yalipodhihirika, nafasi yake ilichukuliwa na "mtu mwenye ualbino". Badiliko hilo lilifuata kanuni mbili: mtu atangulie hali yake, na upatanisho ubaki katika A-WA. Kwa kufuata kanuni hizo, pamoja na vigezo vya kawaida vya istilahi, yaani usahihi, ufupi na kukubalika, yanapendekezwa yafuatayo.

(a) "Jinsi" itumike kwa maumbile ya mwili na "jinsia" kwa nafasi ya kijamii, na tofauti hiyo ielezwe kila inapotumika kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu.

(b) "Mtu mwenye tofauti za kijinsi" iwe istilahi ya tiba na ya kanuni za michezo. "Huntha" libaki katika maandishi ya fikihi na ya historia, na katika mazungumzo pale ambapo wenyewe wanalikubali.

(c) "Mtu aliyevuka jinsia" lichukue nafasi ya "mtu aliyebadili jinsia". Kitenzi "kubadili" humfanya msikilizaji afikirie upasuaji uliokamilika, ambao si kila mtu wa kundi hili amefanyiwa. Iwapo nomino moja inahitajika, "mvukajinsia" inafuata kawaida ya uundaji wa maneno ya Kiswahili.

(d) "Testosteroni" itajwe kwa jina lake, na usemi "homoni za kiume" uachwe katika kuwazungumzia wanawake.

(e) "Kitengo cha wanawake" kitumike kwa mpaka wa mashindano, tofauti na "mwanamke", ambalo ni neno la utu. Mtu anaweza kusema kwamba mwanariadha fulani hastahili kuwamo katika kitengo bila ya kusema kwamba yeye si mwanamke. Hayo ni madai mawili, na kila moja lahitaji ushahidi wake.

Pendekezo hili la mwisho huenda likapingwa na pande zote. Wapo watakaosema kwamba maneno haya yanawapendelea wanariadha, na wengine watakaosema kwamba yanazikubali kanuni. Kipimo cha istilahi katika mjadala wa umma, hata hivyo, ni kama mahasimu wawili wanaweza kuitumia pamoja bila ya mmoja wao kushindwa kabla ya hoja kuanza. "Alibadili jinsia" na "ana homoni za kiume" hazipiti kipimo hicho.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili, kama lugha za Kibantu za milima ya Taita, hakimlazimishi msemaji kutaja jinsi ya mtu, na kwamba upungufu uliopo ni wa istilahi na wa matumizi mabaya ya ngeli. Imeonyeshwa pia kwamba upungufu huo humgusa mwanariadha, mtoto katika karatasi za hospitali, na mtu anayehesabiwa nyumbani kwake. Mashirikisho ya michezo yataendelea kugeuza kanuni, kama yalivyofanya mwaka 2018, 2023 na 2025. Kila mara tafsiri zitahitajika katika shule, zahanati na vyombo vya habari vya Afrika Mashariki. Kazi iliyobaki kwa idara za lugha ni kukusanya maneno yanayotumiwa hasa na wazungumzaji wa Kidawida, Kisaghala na Kitaveta kwa watu wa namna hii, kwani kanuni ya uundaji wa istilahi hutaka lugha za Kibantu zichunguzwe kabla ya kukopa ng'ambo. Huenda katika vilima vinavyoizunguka Voi limo neno ambalo halijawa tusi.